Punje za Akina Mama Watano

Asubuhi tuliyoondoka kijijini, akina mama watano walikuja hadi kwenye magari wakiwa wamefumba mikono. Kila mmoja alikuwa na mwana anayepanda mlima mwaka huo, na kila mmoja alishika konzi ya nafaka kutoka ghalani kwake. Walimimina kwa zamu ndani ya kimfuko alichokishona mama yangu: shayiri, mchele, ulezi, shayiri tena. Mama Urken alileta mahindi. Alisema shayiri yake ilimwishia kabla baridi haijaisha, akaomba radhi mara mbili, ingawa hakuna aliyemuuliza.

Lama Ngawang, mtawa wa kijiji chetu, alisoma sala, akakohoa, akasoma tena, kisha akapuliza ndani ya kimfuko. Mama yangu akakishona mdomo kwa uzi mwekundu na kuukata kwa meno. Kimfuko kama hicho hakifunguliwi mpaka siku ya ibada kambini, chini ya mlima. Siku hiyo msimamizi huwagawia wapandaji, kila mtu na kifundo chake, na wakifika penye ufa au chini ya barafu iliyoning'inia, hurusha punje mbili tatu ndipo wapite. Kambini kuna lama mwingine na punje nyingine, za kila mtu, hata za wageni. Hizi zetu ni za nyumbani. Vijana wa kwetu hawaingii kwenye barafu bila za nyumbani.

"Haya, nani anazibeba?" aliuliza Kaka Kalden, msimamizi wetu, ambaye mama yake alikuwa mmoja wa wale watano.

"Si wewe," alisema Mama Urken. "Mwaka juzi ulizitia begini pamoja na soksi."

"Soksi zilikuwa safi, mama."

"Zilifuliwa na nani? Mkeo alikuwa kwao miezi miwili."

Watu wakacheka. Kimfuko hicho hakiwekwi chini, hakikaliwi, wala mtu hakiruki. Anatakiwa mtu wa kukaa nacho mapajani njia nzima.

"Mpeni nesi," alisema Mama Urken. "Yeye hapandi, kazi yake kukaa tu. Halafu mikono yake imesoma."

Nilikipokea kwa mikono miwili, nikainamisha kichwa. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu. Nilikuwa nimemaliza chuo cha uuguzi Kathmandu miezi minne nyuma, na hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu ya kwanza, nesi wa kambi. Kijijini niliondoka nikiwa na miaka tisa kwenda shule ya bweni, na tangu hapo nilikuwa mtu wa kuja likizo na kuulizwa kama bado najua kukamua. Sikumbuki siku nyingine ambayo wanawake wa kwetu walinitazama hivyo. Mama yangu alijifanya anatafuta sindano iliyoanguka.

Tulikuwa na magari mawili. La mbele liliwabeba Kalden na wapandaji wenzake wanne, Urken akiwa mmoja wao, pamoja na kamba na ngazi. La pili lilikuwa la jikoni. Mbele alikaa dereva, Dilip Rai, na pembeni yake Mjomba Gyalzen, mpishi, mume wa Mama Urken na baba yake Urken. Mimi nilikaa nyuma peke yangu, upande wa bonde, kati ya magunia ya viazi na kabeji. Wageni wetu, wapandaji wanne kutoka ng'ambo, wangeletwa na helikopta siku mbili baadaye na kutukuta njiani.

"Umekaa vizuri, daktari?" aliuliza Mjomba Gyalzen.

"Mimi nesi, mjomba."

"Kwa kabeji zangu wewe ni daktari. Ziangalie zisije zikatapika."

Nikacheka. Siku iliyotangulia, kutoka Kathmandu mpaka kijijini, tulisafiri kwa muda wa saa kumi na moja juu ya lami, na nililala karibu njia yote kwa sababu ya kidonge cha kichefuchefu. Kidonge hicho kilikuwa cha mwisho kwenye pakiti yangu. Nyingine zilikuwa kwenye sanduku la dawa, na sanduku la dawa lilikuwa juu ya paa, chini ya mitungi ya gesi.

Kuanzia kijijini kwetu kwenda juu hakuna lami. Kuna barabara ambayo mashine iliichonga ubavuni mwa jabali miaka miwili kabla ya hapo, na usiku ule ilikuwa imenyesha.

Watu wa kwetu hatuogopi kimo. Nikiwa mtoto nilivuka madaraja ya kamba nikiwa nimebeba mwanambuzi, mto ukinguruma chini, nami nikiwaza chakula tu. Lakini mtu akitembea, uhai wake uko kwenye nyayo zake mwenyewe. Ndani ya gari nilikuwa nimeuweka mikononi mwa Dilip, na mkono mmoja wa Dilip ulikuwa umeshika simu.

"Nakuambia nitafika saa nane," alikuwa akimwambia mtu. "Saa nane! Njia? Njia ni nzuri tu, tope kidogo."

Gurudumu la nyuma likateleza. Nililisikia kabla ya kulielewa, ikawa kama mtu amevuta zulia chini ya kiti changu. Nikatazama dirishani, na barabara sikuiona. Niliona hewa, na chini kabisa mto, mweupe kama uzi.

Sasa niseme jambo linalonichoma hadi leo. Begini mwangu kulikuwa na karatasi arobaini nilizozichapa kwa ajili ya wageni, zenye kichwa kisemacho Namna ya Kutulia Safarini. Nilikuwa nimeziandika mwenyewe kutokana na masomo ya chuoni, na Kalden alizisifu. Pumua kwa kuhesabu nne, zuia nne, toa kwa sita. Legeza taya. Tazama kitu kilicho mbali. Taja kimoyomoyo vitu vitano unavyoviona.

Nikapumua. Ile nne ya kwanza ilinishinda nikiwa kwenye mbili. Nikatazama kitu kilicho mbali, na kitu kilicho mbali kilikuwa mto. Nikaanza kutaja vitu vitano. Mto. Kabeji. Mto. Gurudumu. Mto.

"Kaka Dilip," nilisema, "polepole kidogo."

Alikuwa amemaliza simu na kuwasha muziki kwa sauti ya juu, hakunisikia. Ningeweza kusema tena. Ningeweza kupiga kiti chake, kumwambia Mjomba Gyalzen kwamba naumwa, wangesimamisha gari nami ningetembea. Kwa miguu ningefika saa tatu baada yao, mzima na mwenye furaha. Lakini ningesemaje? Nesi wa kambi, binti wa kwetu, anaogopa gari, na mlima wenyewe hajauona hata ncha yake? Nikanyamaza.

Kona ya kwanza nilikigusa kimfuko. Ya pili nilikiweka kwenye paji la uso. Ya tatu gari lilikwama, Dilip akarudi nyuma ili apate nguvu, na nyuma ndiko kulikokuwa na mimi na bonde. Gari likanesa. Gunia moja la viazi likaniegemea begani kama mlevi.

Nikaukata ule uzi mwekundu kwa meno.

Nilichota punje chache, nikateremsha kioo, nikazirusha huku nikisema maneno niliyofundishwa na bibi yangu. Na nitasema ukweli, nilitulia. Gari likapanda, kona ikapita. Kwa muda kama wa kunywa kikombe cha chai nilikuwa mtu mzima tena, nimekaa wima, nikijiambia kwamba nimetumia punje nne tu, na nne hakuna atakayeziona.

Ikaja kona nyingine.

Sitazisimulia zote. Kufikia adhuhuri nilikuwa sichoti tena kwa vidole viwili. Nilikuwa nachota kwa vidole vyote, hata pasipo na kona, hata penye matope ya kawaida ambayo ng'ombe angeyapita akicheua. Mara moja tulipishana na lori, na pale nilirusha nusu ya kilichobaki. Mahindi ya Mama Urken yaligonga ubavu wa lori lile, nikayasikia. Hata hilo halikunizuia.

Tulipovuka daraja la mwisho la chuma, niliingiza mkono na kugusa kitambaa kitupu.

Barabara inapoishia kuna nyumba ya wageni yenye paa la bati jekundu. Kalden na wenzake walikuwa wamefika zamani, wamekaa uani wakila viazi vya kuchemsha kwa chumvi na pilipili. Dilip alishuka, akajinyoosha.

"Huyu dada yenu ana moyo mzuri," aliwaambia. "Njia nzima analisha ndege."

Mjomba Gyalzen alikuwa anahesabu sufuria zake. Sikujua kama alisikia.

"Ndege gani?" alisema Kalden, akatupa ganda la kiazi. "Dada Yangjin, punje zetu?"

"Zipo," nikasema, na kugonga kifua cha koti langu.

"Hongera. Sisi tungekuwa tumezikalia, kama tulivyolikalia begi la kamba."

Neno lenyewe lilikuwa moja tu, "zipo". Baada ya hapo nilifanya mambo haraka, kama mtu anayefunga kidonda kinachovuja damu. Nilichota konzi ya mchele kwenye gunia la jikoni. Nilijifungia chooni. Uzi mwekundu ulikuwa umekatika vipande vipande, hivyo nilitoa nailoni ya buluu ya kushonea vidonda, nikakishona kile kimfuko kwa mishono sita mizuri. Mwalimu wangu wa upasuaji angenipa alama zote. Niliposimama nilijiona kwenye kioo kidogo juu ya beseni. Uso wangu ulikuwa umetulia kabisa.

Kuanzia hapo tulitembea siku nane. Kwa miguu hakuna aliyenishinda. Nilivuka madaraja marefu ya waya nikiwa na sanduku la dawa mgongoni, nikiwasubiri wageni upande wa pili na kuwapungia mkono. Wageni walinipenda. Niliwagawia zile karatasi, na mama mmoja mwenye nywele za kijivu, aliyeogopa sana madaraja, aliikunja ya kwake na kuiweka mfuko wa shati. Kila daraja alisimama, akafumba macho, akapumua nne, akazuia nne. Kila alipomaliza kuvuka alikuja kunishika mkono na kunishukuru. Nilikuwa natamani aache. Usiku nililala na kimfuko kile kifuani, na mchele ule ulikuwa mzito kuliko sanduku la dawa.

Nilijaribu kujitetea kwa elimu. Nilijiambia nafaka ni nafaka, barafu haijui shayiri wala mchele, mtu huanguka kwa sababu ya joto la mchana na uzito wa theluji. Hoja yenyewe ilikuwa nzuri, ila haikuwa yangu. Kama ningeiamini nisingerusha hata punje moja. Mimi niliyesoma nilizitupa zote kwa ajili ya kona za tope, na watu watano wangeingia kwenye maporomoko ya barafu wakiamini wana kitu ambacho hawana.

Siku ya sita, mchana, tulipumzika kijiji cha mwisho kabla ya kambi. Mjomba Gyalzen alikuwa anakoroga mchuzi wa viazi na unga, nami nilikuwa nikimenya vitunguu saumu.

"Hebu nipe kimfuko," alisema. "Leo ni siku ya soko nyumbani. Mama Urken ataniuliza kwenye simu kama nimeyaangalia mahindi yake, na mimi siwezi kumdanganya mwanamke yule, ana masikio kama paka."

Nikampa. Ningemnyimaje? Alikipokea kwa mikono miwili, akakigusisha kichwani, kisha, kwa mchezo tu, akakitikisa sikioni. Mkono ukasimama. Akatikisa tena, polepole. Akakipima kiganjani kama anavyopima chumvi. Halafu akaiona ile mishono.

"Huu uzi wa buluu," alisema, bado akitabasamu, "ulikishona au ulikifanyia upasuaji?"

Nikachukua kitunguu kingine.

"Yangjin. Mahindi yanalia. Hapa hayalii." Tabasamu likaisha. "Huu ni mchele. Huu ni mchele wangu."

"Mjomba..."

"Ndege," alisema. "Dilip alisema unalisha ndege."

Nikamweleza. Nilieleza vibaya, kuanzia mwisho, machozi yakidondokea vitunguu. Nilipofika kwenye lori aliinua mkono nikome.

"Gari langu hilohilo? Mimi niko mbele nalala, wewe uko nyuma unamaliza punje za mwanangu?"

"Niliogopa, mjomba."

"Ungesema! Ungenipiga kofi la kisogo! Si ningesimamisha gari?" Akatazama mlangoni, akashusha sauti. "Urken ni mara yake ya kwanza. Nikimwambia, hapandi, na asipopanda Kalden hatamchukua tena, atasema kijana ana visingizio. Nisipomwambia, anaingia kule na mchele wa gunia. Umenipa nini mimi hapa? Eh? Umenipa nini?"

Alinirudishia kimfuko. Hakunitukana. Kuanzia siku ile aliacha kuniita daktari, na chai alininywesha kama anavyowanywesha wageni asiowajua, kikombe kimejaa, macho yapo kwingine.

Ibada ilifanyika siku ya pili baada ya kufika kambini. Wanaume walikuwa wamejenga madhabahu ya mawe, bendera za sala zikatandazwa pande nne, na moshi wa matawi ya mreteni ukapanda moja kwa moja kwa sababu hakukuwa na upepo. Mlima ule kwetu ni wa mungu wa kike, na wazee hawapendi atajwe ovyo, kwa hiyo nami simtaji. Mashoka ya barafu, viatu vya miiba na kofia ngumu viliegemezwa kwenye mawe ili vibarikiwe. Wageni walikaa kwenye mikeka. Urken alikuwa amechana nywele kwa maji.

"Dada Yangjin," aliita Kalden, "lete."

Nikasimama. Kutoka nilipokaa mpaka madhabahuni palikuwa na hatua kama kumi na mbili, kwenye ardhi tambarare. Nilifika hatua ya saba. Lama wa kambi aliendelea kusoma. Mjomba Gyalzen alikuwa ameinamia birika lake, na niliona shingo yake, jinsi alivyoikaza. Nikajua kwamba nikikiweka pale hatasema kitu. Angenyamaza hadi mwanawe arudi, au asirudi.

"Lete, dada, mbona umesimama?"

"Si zenyewe," nikasema.

"Nini?"

"Punje. Si zenyewe. Nilizitupa barabarani. Niliogopa gari. Huu ni mchele wa jikoni."

Niliyasema kwa lugha ya kwetu, kwa hiyo wageni hawakuelewa. Yule mama wa nywele za kijivu alidhani ni sehemu ya ibada, akanitabasamia na kunipiga picha. Picha hiyo ipo mahali fulani duniani.

Kalden alikuja, akakichukua kimfuko, akaitazama ile mishono ya buluu kwa muda mrefu. Hakukiweka madhabahuni, hakukiweka chini. Akatembea hadi kwa Mjomba Gyalzen na kumkabidhi.

"Chako hiki. Kapike."

Hakuna aliyepiga kelele. Mmoja wa wapandaji, mkubwa kuliko wote, aliuliza kwa upole, "Zote?"

"Zote."

"Kona ngapi?"

"Sikuhesabu, kaka."

"Basi ile barabara sasa haina hatari kabisa duniani," alisema, na wawili wakacheka kidogo, kwa pua. Urken hakucheka. Alinitazama kama mtu anayejaribu kukumbuka jina langu.

Kalden alitoa uamuzi palepale. Punje za lama wa kambi wangezipokea, lakini wao watano hawakanyagi barafu mpaka nyumbani wajue na nyumbani waseme. Wageni aliwaambia hali ya hewa ya juu si nzuri. Kisha akaniambia, "Kupiga simu utapiga wewe. Na uweke sauti ya nje."

Mtandao kambini unapatikana juu ya jiwe moja kubwa tu. Nilipanda, na wote watano wakakaa chini yake. Akina mama walikuwa wamekusanyika kwa Mama Urken, kwani Mjomba Gyalzen alikuwa amewaambia kwa simu wasubiri. Nikasema tena. Mara ya pili si rahisi kuliko ya kwanza, usidanganywe.

Mama yake Kalden alinikemea mpaka pumzi ikamwishia. Aliuliza nyumba yao iliikosea nini nyumba yetu. Mwingine alilia. Wawili walipokezana kuuliza swali moja, kama nina hakika kwamba hazikubaki hata chache kwenye mshono, nikasema nimekigeuza kimfuko ndani nje, hazikubaki. Mama Urken ndiye aliyekuwa wa mwisho.

"Gari lilikuwa linakwenda kasi?" aliuliza.

"Hapana, mama."

"Dilip alikuwa amelewa?"

Ningeweza kusema ndiyo. Dilip hakuwepo, na watu wangeamini. "Hapana. Alikuwa mzima. Niliogopa tu."

Nikasikia kengele ya ng'ombe upande wa pili, na mtu akikohoa.

"Uliogopa gari."

"Ndiyo, mama."

"Na Urken anaingia kwenye barafu."

"Ndiyo."

Simu ilikuwa bado hewani, nikamsikia akiwaambia wenzake wakaangalie nani ana shayiri. Mama yangu naye alikuwa mle ndani, nilijua, kwa sababu yule aliyekohoa alikuwa yeye. Hakuomba simu.

Tulisubiri siku saba. Jua liliwaka siku zote saba. Vikundi vingine vilipanda na kushuka mbele ya macho yetu, na kila jioni wageni walimwuliza Kalden hiyo hali mbaya ya hewa iko wapi. Alijibu kwa heshima na hakunitaja hata mara moja, jambo ambalo lilinifanya nishindwe kula mbele yake. Watano walicheza karata. Walikuja kwangu kwa dawa ya kichwa, ya kikohozi, wakasema asante, wakaondoka. Nilikuwa nesi mzuri siku zile. Nilichemsha vifaa hadi vikapoteza rangi.

Siku ya nane, saa nne asubuhi, alifika Phuri, mpagazi wa kijijini kwetu, na kikapu cha viazi mgongoni. Alikaa juu ya kreti jikoni, akanywa vikombe vitatu vya chai ya chumvi ya kwetu, kisha akafungua koti. Ndani alikuwa na kimfuko kipya, kimeshonwa kwa uzi mwekundu. Niliutambua mkono wa mama yangu.

Wote walikuwa wamejaa mlangoni. Mimi nilisimama nyuma, karibu na mapipa ya maji.

"Lama amepuliza tena," alisema Phuri, "ijapokuwa kifua kinambana, alipuliza kwa vituo. Na nimeambiwa apewe mpishi. Asipewe mwingine." Hakunitazama, lakini wengine walinitazama kwa niaba yake.

Mjomba Gyalzen akakipokea, akakigusisha kichwani, akakitikisa sikioni. Kililia. Akafumba macho.

"Kesho alfajiri tunaingia," alisema Kalden, na kwa mara ya kwanza baada ya siku nane nikaona mabega ya Urken yakishuka.

"Bado," alisema Phuri. Akapekua mfuko wa suruali, akatoa kifundo cha karatasi ya daftari kilichofungwa kwa jani la hindi. "Hiki ni cha nesi. Mama Urken alisema, nami nasema alivyosema: za mlimani tumempa mpishi, hizi ni za kurudia na gari. Alisema wewe ndiye unayezihitaji zaidi."

Jiko lote lilipasuka kwa kicheko. Hata Urken alicheka, amejishika kiuno. Hata Mjomba Gyalzen. Mimi nami nilicheka, kwa sababu hakukuwa na la kufanya, na uso ulikuwa unaniungua kama niliyeuinamishia mvuke. Nilipokea kifundo kile kwa mikono miwili. Ndani kulikuwa na punje za mahindi, labda ishirini. Nilikumbuka alivyoomba radhi kwa kuwa hana shayiri.

Wanaume walitawanyika kwenda kukagua kamba na kunoa miiba. Kicheko kilikuwa kimebadilisha kitu jikoni, lakini sikujua kimebadilisha nini, wala kama kilikuwa kwa faida yangu. Nilimsubiri Phuri amalize kikombe cha nne.

"Kaka Phuri," nilimwuliza, "aliposema hivyo, Mama Urken, alikuwa anacheka?"

Phuri alifikiri. Alikuwa mtu mwaminifu, hakutaka kunipa kitu asichokuwa nacho.

"Sijui, dada," alisema. "Alikuwa amenipa mgongo. Alikuwa anafunga kikapu."